Sanduku la Maswali: Rafiki Yangu Anaukataa Utatu

Barua za safari hii zimegongana kwenye jambo moja. Tumezifupisha na majina tumeyaacha. Aya tulizonukuu ni za tafsiri ya Union, isipokuwa pale tulipotaja nyingine.

Rafiki yangu kazini husema yeye ni Mkristo Muunitariani, na Biblia anaijua kuliko mimi. Tukianza habari ya Utatu tunarushiana aya mpaka chai inapoa. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Muulize kwanza yeye ni Muunitariani wa namna gani. Jina hilo linabebwa na watu wasiofanana, na ukijibu hoja ambazo si zake utapoteza jioni nzima. Wako Waunitariani wa Biblia. Kwao Mungu ni Baba peke yake, na Yesu ni Masihi aliyezaliwa na bikira, akafa, akafufuka, ila kabla Mariamu hajachukua mimba hakuwako. Wakristadelfiani, ambao Kenya na Tanzania wana makusanyiko, wanasimama karibu na hapo. Kisha wako wa tapo la kiliberali, ambalo Marekani liliungana na Wauniversalisti mwaka 1961, na huko unaweza kumkuta mshirika asiyeamini Mungu hata kidogo. Makusanyiko ya Kenya na la Bujumbura yana udugu zaidi na hawa wa pili. Mtu wa tapo hilo ukimfungulia Yohana sura ya kwanza atakusikiliza kwa adabu tu, maana kwake Biblia peke yake haikati shauri. Kwa ulivyomweleza, rafiki yako ni wa kundi la kwanza.

Usimchanganye na Shahidi wa Yehova, anayeamini kwamba Yesu alikuwako mbinguni kabla ya kuzaliwa, akiwa wa kwanza kuumbwa. Wala usimchanganye na Mpentekoste wa "Yesu Pekee", ambaye hoja yake inakwenda upande mwingine kabisa: kwake Yesu ndiye Baba, tena ndiye Roho.

Mkishajuana, chukueni karatasi mwandike sentensi saba. Baba ni Mungu. Mwana ni Mungu. Roho Mtakatifu ni Mungu. Baba si Mwana. Mwana si Roho. Roho si Baba. Mungu ni mmoja. Fundisho la Utatu ni kuzishika zote saba pamoja bila kudondosha hata moja. Mwambie aweke alama kwenye zile anazozikataa. Muunitariani wa Biblia ataweka kwenye ya pili na ya tatu. Mtu wa "Yesu Pekee" angeweka kwenye ya nne, ya tano na ya sita. Hapo mtajua mnabishania nini, na nusu ya kelele itaisha. Tunakuonya, zoezi hili huwaumbua Wautatu wengi kuliko Waunitariani. Wapo wanaosali kila Jumapili kwa jina la Baba na la Mwana, lakini wakibanwa wanasema "Yesu ndiye Baba mwenyewe". Huo si Utatu, ni mafundisho ya Sabelio, aliyetengwa na kanisa la Roma katika karne ya 3.

Atakuambia: kama Baba ni Mungu na Mwana ni Mungu, basi Baba ni Mwana. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu kina "ni" na kina "ndiye". "Juma ni mwalimu, Asha ni mwalimu" haimfanyi Juma kuwa Asha. Ingekuwa "ndiye mwalimu", yaani huyo na si mwingine, hesabu ingebadilika. Utatu unasema Mwana *ni* Mungu. Muunitariani anasema Baba *ndiye* Mungu. Ugomvi wote umo katika silabi hizo.

Usishangilie mapema, lakini. Mtu makini atarudisha mpira palepale: Juma na Asha ni walimu wawili, kwa hiyo umeokoa nafsi ukaishia na miungu wawili. Hilo ndilo swali gumu lenyewe, nalo si geni. Gregori wa Nisa alimwandikia Ablabio juu yake katika karne ya 4, katika waraka wa kueleza kwa nini hatusemi miungu watatu. Jibu lake kwa ufupi: walimu wawili kila mmoja hufundisha darasa lake, ndiyo maana tunawahesabu wawili; tendo la Mungu ni moja, linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linakamilika katika Roho, wala hakuna kazi ambayo mmoja anaifanya kando ya wenzake. Kama jibu hilo halimtoshi, msimlazimishe litoshe. Liandikeni karatasini mwendelee.

Kuhusu mwendo wa mazungumzo: kifungu kimoja kwa kikao kimoja, na kikao kisizidi saa moja na nusu. Someni sura nzima kwa sauti, kila mtu na tafsiri yake: Union, Habari Njema, Neno. Kabla ya kumjibu, sema hoja yake kwa maneno yako mpaka mwenyewe akubali, "Ndivyo." Kinachoharibu vikao vya namna hii ni kuruka: umebanwa kwenye Yohana 17, unakimbilia Waebrania, naye anakimbilia Marko, na hakuna sehemu iliyosomwa mpaka mwisho.

Kifungu cha kuanzia tungechagua 1 Wakorintho 8:6, kwa sababu kila mmoja wenu anaamini ni chake. "Lakini kwetu sisi Mungu ni mmoja tu, aliye Baba, ambaye vitu vyote vimetokana naye... yuko na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwake vitu vyote vimekuwapo." Yeye atasimama kwenye "Mungu ni mmoja tu, aliye Baba", na ana haki, ndivyo ilivyoandikwa. Wewe mrudishe kwenye Kumbukumbu la Torati 6:4, ungamo ambalo Myahudi hulisema asubuhi na jioni: "Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja." Paulo amechukua maneno mawili ya ungamo hilo, Mungu na Bwana, akampa Baba la kwanza na Yesu la pili, tena akampa Yesu nafasi katika kuumbwa kwa vitu vyote. Yeye atajibu kwamba "bwana" ni cheo ambacho hata mwanadamu hupewa, na atakupeleka Zaburi 110:1, "Neno la Bwana kwa Bwana wangu". Kwa Kiebrania hayo ni maneno mawili tofauti: la kwanza ni jina la Mungu, la pili ni bwana wa kawaida, kama mtumishi anavyomwita mkubwa wake. Kiswahili kimeyafunika yote kwa neno moja. Jibu lako liko Warumi 10:9-13. Paulo anataja kukiri kwamba Yesu ni Bwana, kisha ananukuu Yoeli 2:32, "kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka", na katika Yoeli Bwana huyo ni jina la Mungu lenyewe.

Na yeye bado ana la kusema: wakili hubeba jina la aliyemtuma, kama malaika wa Kutoka 23:21 ambaye Mungu anasema, "jina langu limo ndani yake". Mkifika hapo mmefika mahali wasomi wenyewe wanapokutana. Swali linalobaki ni kama uwakili unatosha kueleza mtu kuabudiwa na kuhusishwa na uumbaji. Sisi tunaona hautoshi. Yeye anaona unatosha. Mmetumia saa moja kwa aya moja, na si haba.

Mifano gani ni mizuri ya kumweleza? Mimi hutumia yai, maji na mafiga. (Msomaji, Tanga)

Hakuna uliouchagua unaofaa, na Muunitariani aliyezoea mabishano anaisubiri kwa hamu. Maji, barafu na mvuke ni kitu kimoja kinachobadilika hali. Huo ni Sabelio tena, kwani katika ubatizo wa Yordani Baba anasema, Mwana yumo majini, Roho anashuka, wote kwa wakati mmoja. Yai lina sehemu: ganda peke yake si yai, lakini Utatu hausemi Mwana ni theluthi ya Mungu. Mafiga ni mawe matatu yanayoshirikiana sufuria. Ukiyatumia umehubiri miungu watatu wenye ushirika mzuri (na huku Tanzania msikilizaji atakumbuka rais, mbunge na diwani wa kampeni). Mtu mmoja aliye baba, mume na fundi ni nafsi moja yenye kazi tatu. Huyo naye muache.

Kama lazima ushike kitu, shika neno letu "nafsi". Darasani tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: anayesema, anayeambiwa, anayesemwa. Tertuliano, aliyeandika kwa Kilatini huko Karthago mwanzoni mwa karne ya 3, alijenga hoja yake kwa njia hiyohiyo. Alizitazama zaburi akauliza nani anasema, anamwambia nani, wanamzungumzia nani. Huo si mfano wa Utatu, ni namna ya kusoma, na angalau haukuwekei uzushi mdomoni.

Nilimsomea 1 Yohana 5:7, "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja". Akacheka, akasema maneno hayo yamepachikwa. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli, na ungempa mkono. Fungua Biblia kadhaa utazame: katika nyingine maneno hayo yamo ndani ya mabano, katika nyingine yako chini kama maelezo, katika nyingine hayamo, na hesabu ya aya yenyewe inasogea kati ya ya 7 na ya 8. Hayamo katika maandishi ya nakala yoyote ya Kigiriki ya miaka elfu ya kwanza; yaliingia kupitia Kilatini. Erasmus, msomi wa karne ya 16, alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, mwaka 1519 hakuyaweka, akayaweka katika chapa ya tatu ya 1522 baada ya kulaumiwa sana. Mababa wa Kigiriki waliopigana karne nzima na mafundisho ya Ario, padre aliyesema Mwana aliumbwa, hawakuyanukuu. Wangekuwa nayo wangeyaachaje?

Dada yake aya hiyo ni 1 Timotheo 3:16, "Mungu alidhihirishwa katika mwili". Nakala za kale zaidi zina "aliyedhihirishwa", bila neno Mungu. Katika herufi kubwa za Kigiriki "ambaye" ni ΟΣ, na ufupisho wa "Mungu" ni ΘΣ wenye mstari juu. Kistari kidogo ndani ya duara kinamgeuza mmoja kuwa mwingine. Isaac Newton, ambaye kwa siri aliukataa Utatu, aliandika kirefu juu ya aya hizi mbili mwaka 1690. Rafiki yako huenda anarithi hoja zake bila kujua.

Ziache zote mbili. Utatu haukujengwa juu yake, na ukizing'ang'ania atakuhesabu kuwa mtu asiyesoma. Punguza pia uzito wa Mwanzo 1:26, "Na tumfanye mtu": wafasiri wengi wa Kiyahudi wanaona Mungu akisema na malaika wa baraza lake. Hata ingekuwa wingi wa nafsi, haisemi ni tatu.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo wachache hulitazama: tafsiri zetu zimeshachagua upande kabla hamjakaa. Soma Yohana 1:1. "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, *naye* Neno *alikuwako* kwa Mungu, *naye* Neno *alikuwa* Mungu." Neno kwa sarufi yetu *lilikuwako*. Wafasiri wamelitoa kwenye ngeli yake wakalitia kwenye ngeli ya watu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaona mtu tangu mstari wa kwanza. Muunitariani anayesema Neno ni kusudi la Mungu, ambalo linakuwa mtu ifikapo aya ya 14 tu, ameshindwa kwa upatanisho wa kisarufi kabla hajafungua kinywa. Kigiriki hakimpi wala hakimnyimi, maana *logos* ni jinsia ya kiume kisarufi hata likiwa na maana ya hoja au hesabu. Ukitaka kumtendea haki, jaribuni kuisoma pamoja kwa "lilikuwako" mwone inavyosikika, kisha mfike aya ya 10, "alikuwako ulimwenguni", mwone kama usomaji wake unavuka.

Katika aya hiyohiyo, Mashahidi wa Yehova wanaandika "mungu" kwa m ndogo. Kigiriki hakina kibainishi mbele ya *theos* ya mwisho, ingawa kinacho kwenye ile iliyotangulia, na kwa maoni yetu hiyo inaonyesha Neno lilivyo, si kwamba Neno ndiye Baba. Ni "ni", si "ndiye". Lakini ikisomwa kwa sauti kanisani, M kubwa na m ndogo havina tofauti, kwa hiyo msibishane kwa masikio.

Roho naye vivyo hivyo. Mwanzo 1:2 Union inasema "Roho *ya* Mungu *ikatulia*", Warumi 8:9 inasema "Roho *wa* Mungu *anakaa*". Kigiriki cha Warumi kina neno lisilo la kiume wala la kike, halikuamua kitu. Ukisema "Roho Mtakatifu *yeye*" umetoa hoja, na Shahidi anayesema "roho takatifu" ametoa nyingine. Na Wafilipi 2:6, "ambaye yeye *mwanzo* alikuwa yuna namna ya Mungu": hilo "mwanzo" ni la wafasiri wa Union. Kigiriki kina "akiwa" tu. Aya inabaki na nguvu, hasa ukisoma mpaka ya 10 na ya 11 ukazilinganisha na Isaya 45:23, ambapo kila goti linapigwa mbele za Mungu mwenyewe. Ila usimpige mtu kwa neno ambalo halimo.

Za kwake zilizo imara ni Yohana 17:3, Marko 13:32, Yohana 20:17 na 1 Wakorintho 15:28. Zisome kabla hajakusomea. Kwenye Marko, Mwana hajui siku wala saa, na jibu la kawaida ni kwamba hakujua kwa ubinadamu wake, kwa mujibu wa mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedoni wa mwaka 451, uliosema Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli. Tunalikubali jibu hilo. Ukilitumia kwa kila aya inayokusumbua, hata hivyo, atakuuliza ni aya gani ingeweza kukupinga, nawe hutakuwa nayo.

Anasema Utatu ulibuniwa na mfalme Konstantino huko Nikea. Nimjibuje? (Msomaji, Dodoma)

Kwa tarehe. Askofu Theofilo wa Antiokia anataja "utatu" wa Mungu, Neno lake na Hekima yake karibu mwaka 180. Tertuliano ana neno *trinitas* zaidi ya miaka mia moja kabla ya Nikea. Plinio, liwali wa Kirumi asiye Mkristo, karibu mwaka 112 alimwandikia kaisari kwamba Wakristo wanamwimbia Kristo kama mungu. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulijadili hasa kama Mwana aliumbwa au alizaliwa. Juu ya Roho ungamo lake lilisema "na kwa Roho Mtakatifu" likanyamaza. Maneno yaliyobaki ni ya mtaguso wa Konstantinopoli, 381. Na Nikea haikuchagua vitabu vya Biblia, hata kama filamu zinasema hivyo.

Konstantino aliuitisha mkutano na akaunga mkono neno la "umungu mmoja", lakini baadaye alimrudisha Ario kutoka uhamishoni, akamfukuza Athanasio mtetezi wa Nikea mwaka 335, na mwaka 337 akabatizwa kitandani na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio aliwapendelea wapinzani wa Nikea. Athanasio alihamishwa mara tano. Kama rafiki yako anataka mfalme wa kulaumiwa, mpe Theodosio: mwaka 380 ndiye aliyeifanya imani ya Nikea kuwa sheria ya dola.

Nawe ukubali mawili. Waandishi kama Justino na Origene walimweka Mwana chini ya Baba kwa namna ambayo Nikea isingeipitisha. La pili ni zito zaidi: Wautatu wameua kwa ajili ya fundisho hili. Michael Servetus alichomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553. Ferenc Dávid, mwanzilishi wa kanisa la Waunitariani wa Transylvania, alikufa gerezani Deva mwaka 1579, miaka 11 baada ya bunge la Torda kuruhusu kila mhubiri ahubiri injili kadiri aielewavyo. Uingereza ilifuta adhabu za kuukana Utatu mwaka 1813 tu. Kwa hiyo neno "mzushi" libaki nje ya mlango. Wewe unalisema kama utani. Yeye anasikia kuni.

Mimi ni Muunitariani. Mbona mkibanwa mnasema "ni fumbo"? (Msomaji, Kisii)

Kwa sababu ya uvivu, mara nyingi. Fumbo kwa maana ya kanisa ni jambo ambalo akili isingeligundua bila kufunuliwa. Halikusudiwi kuwa pazia la kufunika hoja isiyosimama. Tukisema sentensi saba zinapatana, ni juu yetu kuonyesha hazipingani. Kuonyesha zikoje ndani ya Mungu hatujaahidi. Mwenzako akitaja fumbo kabla hujamaliza swali, mwombe akuambie ni sentensi ipi kati ya saba.

Mchumba wangu alibatizwa kwa Waunitariani, mimi ni Mkatoliki. Ndoa itakuwaje? (Msomaji, Bujumbura)

Yote yanategemea ubatizo wake. Kanisa Katoliki hutazama maji, maneno "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", na nia ya mbatizaji. Maneno yakiwa sahihi na nia haipo bado kuna tatizo: mwaka 2001 Roma iliukataa ubatizo wa Wamormoni ingawa wanataja majina yote matatu. Ubatizo ukikubaliwa, mnahitaji ruhusa ya ndoa ya mseto, kanuni 1124. Usipokubaliwa, mnahitaji dispensa (kuondolewa kizuizi) ya tofauti ya dini, kanuni 1086, na bila hiyo ndoa ni batili. Zote mbili hutolewa na askofu kupitia paroko wako. Wewe utaahidi kulinda imani yako na kufanya uwezalo watoto wabatizwe Katoliki. Yeye haahidi, anajulishwa tu. Watoto ndio watakaowagombanisha, kwa hiyo mlizungumze kabla ya mahari.

Apate barua kutoka kwa aliyembatiza yenye tarehe, ikisema kama alizamishwa au alimwagiwa maji, na maneno yaliyotamkwa, neno kwa neno. Makusanyiko mengi ya namna hiyo hayana leja kama ya parokia. Mkikosa barua, tafuteni shahidi aliyekuwepo, na mpelekeeni paroko jina lake miezi kadhaa kabla ya matangazo.